Mwezi Ulipochelewa Mfangano

Stima ilipopotea kwetu Nakuru, na miaka ile ilipotea mara nyingi, Baba hakuwa na haraka ya kutafuta mwanga. Mama ndiye aliyeondoka kwenda jikoni kupapasa mshumaa. Baba alituita sebuleni, tukakaa sakafuni sisi watatu, kisha akaanza vilevile kila mara: "Kuna kisiwa nilikofundisha, usiku ukiingia mji unatoka na kutembea juu ya maji."

Tulijua kila neno lililofuata. Jua linazama, wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, wanasukuma mitumbwi, wanawasha karabai, na giza likishika unaona taa hapa, taa pale, mpaka ziwa lote linawaka. Omena wanafuata mwanga, wanakuja juu, nyavu zinawazoa. Yeye alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwalimu akazihesabu. "Nilikuwa nikifika mia na kitu, halafu zinachanganyika, naanza upya." Mdogo wetu hakuacha kumuuliza: "Baba, utatupeleka lini?" Jibu lilikuwa moja. "Nikistaafu."

Alifundisha Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, kati ya 1986 na 1988, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka Vihiga bila kujua kupiga kasia. Kisha akahamishwa, akaoa, akafundisha Nakuru mpaka nywele zikawa nyeupe. Alistaafu 2022, miaka 60 ilipotimia. Kiinua mgongo kilipokuja kilikuta sukari imeshaingia kwenye figo, na pesa zote zikaenda kwenye kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki. Baba alifariki tarehe 10 Agosti 2024. Kati ya mambo ya mwisho aliyomwambia mdogo wetu pale kitandani ni kwamba Mfangano sasa kuna barabara ya gari, amesikia, kwa hiyo hata mgonjwa anaweza kufika.

Nataka niseme ukweli kuhusu mazishi yake, kwa sababu ndiyo yaliyotupeleka kisiwani. Watu walikuja Vihiga kwa wingi na ninawashukuru mpaka leo. Bila michango yao mwili usingetoka mochari. Lakini tangu habari itoke hadi udongo uliposawazishwa, sidhani Mama alikaa chini dakika kumi bila mtu kumwendea na swali. Sufuria kubwa ziko kwa nani? Hema la pili nani analipia? Mbona jina la shangazi halimo kwenye programu iliyochapishwa? Mimi nilikuwa mweka hazina. Usiku wa kuamkia mazishi, kwaya ikiimba uwanjani, nilikuwa nyuma ya nyumba na tochi ya simu nikihesabu pesa za mkate na maziwa. Nilisikia jina la Baba kwenye kipaza sauti nikaendelea kuhesabu. Tulilia, ndiyo. Tulilia pale ratiba iliporuhusu, jeneza lilipofunguliwa na jeneza liliposhushwa, halafu tukainuka kwenda kugawa chakula. Siku ya wafiwa kunyolewa ikapita, wageni wakaondoka, na mimi nikarudi Nakuru na daftari la hesabu na kitu kigumu kifuani ambacho hakikushuka mwaka mzima.

Mwaka ulipokaribia kutimia, baba mdogo alipiga simu. Alitaka kumbukumbu ya heshima: ng'ombe achinjwe, kaburi liwekwe vigae, kasisi aalikwe. Mama aliweka simu kwa sauti ili sote tusikie.

"Shemeji," akamwambia, "vigae tutaweka. Lakini mwaka huu pesa nilizo nazo nawapeleka watoto Mfangano."

Kimya kirefu kikapita upande ule. "Kwenda kufanya nini huko, shemeji?"

"Kumaliza safari ya ndugu yako."

Baba mdogo si mtu mbaya. Alikasirika wiki moja, kisha akatuma shilingi elfu tano na ujumbe wa maneno mawili: mkamsalimie. Sikumjibu kwa muda kwa sababu sikujua aliyepaswa kusalimiwa ni nani, kisiwa au marehemu.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, shule zikiwa zimefungwa: Mama, mdogo wetu wa kiume, mimi na wanangu wawili, wa miaka tisa na sita. Barabara ya Nakuru hadi Kisumu naijua kama kiganja changu. Mau Summit unakata kushoto, Londiani, baridi ya Kericho na mashamba ya chai, kisha unateremka na joto linakupokea Awasi na Ahero. Kisumu tulilala kwa dada yetu, na asubuhi yake yeye akajiunga nasi kwenda Luanda Kotieno kupanda feri ya Mbita.

Hapo ndipo nilipomwona Mama vizuri kwa mara ya kwanza. Alisimama kwenye mteremko unaoingia majini, mkoba kifuani, na hakusogea. Magari yakaingia, pikipiki zikaingia, akina mama wenye mabeseni wakaingia, yeye amesimama. Mwanangu mdogo akamvuta kidole. "Nyanya, twende, itatuacha." Mama alikuwa ametoka Kisii, kwenye vilima na migomba, na maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo cha majini. Mimi nilijua kwamba anaogopa maji kama ninavyojua kwamba anapenda chai ya tangawizi. Sikujua kwamba uogopaji wa mtu unaweza kuwa na historia yake.

Feri huchukua kama saa moja. Mama aliketi katikati kabisa, mbali na kingo zote, akafumba macho. Mdogo wetu, ambaye amerithi ualimu wa Baba bila mshahara wake, akaanza kuwafundisha watoto: kwamba hili ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu, nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Wajaluo wanaliita Nam Lolwe. Mwanangu mkubwa akauliza mbona la Nakuru watu hawavui wala hawanywi. "Lile lina magadi. Hili ni maji baridi, ya kunywa," akajibiwa. Mama akasema bila kufumbua macho: "Mwacheni mtoto asikaribie ukingo, maji ni maji."

Kutoka Mbita tulipanda boti la mbao lenye injini nyuma. Walitugawia majaketi ya kujiokoa, na Mama alikaza kamba za lake mpaka dada akamlegezea ili apate kupumua. Tukaiacha Rusinga upande mmoja, tukapita Takawiri na mchanga wake mweupe, na baada ya saa moja na zaidi mlima wa Mfangano ukawa umesimama mbele yetu, wa kijani, na vipande vya mwamba vikichomoza juu kama magoti. Nilidhani nitalia nikikiona kisiwa. Nilichofanya ni kuhesabu mizigo.

Tulipanga nyumba ya familia moja karibu na maji. Usiku huo wa Jumamosi tulikula ngege wa kukaanga kwa haraka, tukabeba viti, tukaketi nje kungoja mji wa Baba.

Mwezi ukatoka upande wa Rusinga, mkubwa, mwekundu, kisha mweupe. Ziwa lote likang'aa kama bati jipya. Hakukuwa na taa hata moja.

Tulikaa mpaka watoto wakalala mapajani. Asubuhi nilimuuliza mwenye nyumba, mzee aliyekuwa akifuma wavu chini ya mti, wavuvi wamekwenda wapi. Akaniangalia kwa huruma. "Mwezi umejaa, mama. Omena hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa hivi, mwanga umetapakaa kila mahali. Watu wanapumzika, wanatengeneza nyavu. Mlipaswa kuja mwezi ukiwa umekufa."

Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Tulichagua tarehe ya kifo chake. Tulipanga likizo za kazini, pesa, usafiri, dawa za malaria, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia mwezi. Baba alituambia giza likishika, miaka na miaka alituambia giza, na sisi tukasikia taa tu.

Hiyo Jumapili ilikuwa siku yenyewe, mwaka mmoja kamili. Hatukuwa na ratiba. Hakuna aliyesimama kusema neno, hakuna aliyehitaji kulishwa. Mama aliamka, akachemsha chai, akamimina vikombe saba, tuko sita. Dada akakiona kile cha saba akatoka nje, na nikasikia sauti ambayo sikuisikia Vihiga. Mdogo wetu akamfuata. Mimi nilibaki nikitazama kikombe mpaka utando wa maziwa ukajikunja juu yake, na hapo kitu kile cha kifuani kikaanza kusogea. Tulilia asubuhi nzima, kila mtu kona yake na wakati wake, bila kuambiwa tuketi wala tusimame. Mtu akimaliza mwingine anaanza. Watoto walizoea, wakaenda kucheza na watoto wa pale na kurudi kuuliza chakula.

Jumatatu tulikwenda kutafuta shule. Mdogo wetu alikuwa na picha moja, Baba amesimama na darasa lake mbele ya mti mkubwa, nyuma yake maji yako mbali, na mgongoni mwa picha ameandika kwa kalamu ya wino: Mfangano, 1987. Shule iko, lakini majengo ni mapya, na ilikuwa imefungwa. Mlinzi aliitazama picha muda mrefu. Kijana wa miaka thelathini hivi. Hakumjua Baba, na hangeweza kumjua. Tuliuliza watu wazima wawili watatu njiani. Hakuna aliyemkumbuka. Nilijiandaa kuumia, lakini haikuniuma. Miaka 38 ni mingi, na mwalimu wa miaka miwili ni mgeni.

Mti tuliupata. Mlinzi ndiye aliyeutambua kwa umbo la matawi. Sasa unasimama ndani ya ziwa, umekauka, mnandi wawili wamekaa juu yake wakianika mabawa. Ziwa lilifura mwaka 2020 likala mashamba na nyumba za watu kando yake, likafura tena 2024. Sisi wa Nakuru hatukuhitaji kuelezwa. Tuliona la kwetu likimeza nyumba za Mwariki. Mdogo wetu alivua viatu akaingia mpaka magotini ili auguse ule mti, Mama akipiga kelele kwamba kuna kichocho na viboko. Akaugusa. Akarudi na kipande cha gome kidogo kama kucha, akakitia mfukoni.

Kuhusu yale mengine nitasema kwa ufupi. Tulipanda hadi Kwitone kuona michoro iliyoachwa mwambani na wawindaji wa zamani, mizunguko ndani ya mizunguko, myekundu na myeupe, na ni kazi ya kukufanya unyamaze. Siku ya kurudi tulipitia kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule Rusinga, jengo lenye umbo la risasi, kwa sababu Baba hakuweza kumaliza mwaka bila kumtaja: mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge aliyepeleka mamia ya vijana kusoma Marekani, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Watoto wangu walisikiliza kwa heshima. Wana umri wa kukumbuka zaidi mandazi ya Mbita.

Lakini lazima nisimulie Jumanne asubuhi, Mama na omena.

Bichi ilikuwa karibu tupu, ila mama mmoja mzee alikuwa ameanika mabaki ya wiki iliyopita juu ya wavu uliotandazwa chini. Omena wakikauka vizuri wana rangi ya fedha inayoelekea buluu, na ukiwakoroga kwa mkono wanalia kama majani makavu. Mzee yule alikuwa akiwageuza kwa vidole, anaondoa changarawe na vijiti, anawarudisha. Mama alichuchumaa upande wa pili wa wavu, na kabla ya kuuliza bei akaanza naye kuchambua. Walifanya hivyo muda bila neno. Kisha mzee akamwambia mjukuu wake kitu, si kwa Kijaluo, na Mama akainua kichwa.

Kisiwa kile ni cha Abasuba. Simulizi zao zinasema wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Leo wengi wanazungumza Kijaluo, na Olusuba, ambayo ni lugha ya Kibantu, iko vinywani mwa wachache, wengi wao wazee. Ina undugu na Kikisii cha Mama na Kimaragoli cha Baba. Nyumbani kwetu, kwa kuwa wazazi walitoka makabila mawili, tulilelewa kwa Kiswahili, na Baba alikuwa akisema Mfangano alisikia wazee wakizungumza akadhani ni watu wa kwao waliobanwa na mafua. Hatukumwelewa. Sasa Mama alijibu kwa Kikisii, polepole, mzee akarudia neno lile kwa namna yake, wakaangaliana, wakacheka mpaka wakashikana mikono juu ya samaki. Sijui walichosema. Mama alinunua gorogoro mbili bila kupunguziwa hata shilingi, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani.

Usiku wa mwisho mwenye nyumba alikuja mwenyewe kutuita. "Leo mwezi utachelewa. Utatoka kama saa tatu. Kuna vijana wachache wanataka kujaribu kabla ya hapo." Tukabeba viti vyetu.

Ilikuwa saa moja na nusu, giza limeshika vizuri, upepo kidogo kutoka ziwani wenye harufu ya mwani na moshi. Mama alikuwa amejifunga leso mabegani. Akatoa mkobani kitabu chake cha nyimbo, na ndani ya kitabu bahasha iliyochakaa kwenye mikunjo mpaka ikawa laini kama kitambaa. Hakuifungua.

"Hii iliandikwa hapa," akasema. "Ilikaa Mbita siku nyingi ikingoja boti, ikanifikia Kisii imelowa pembeni. Aliniambia ameshatafuta nyumba, amepaka chokaa, niende tufunge ndoa tukae huku. Ameniandikia habari za taa ukurasa mzima."

Tulinyamaza.

"Nikamjibu kwamba siwezi kulala mahali ambapo nikitaka kwenda kwa mama yangu lazima nivuke maji. Nilimwambia achague." Aliikunjua leso, akaikunja tena. "Akaomba uhamisho. Na maisha yetu yote, wanangu, hata siku tuliyokosana vibaya, hakuwahi kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemtoa huku."

Nilikumbuka mshumaa. Kila stima ilipopotea, Baba akianza tu, Mama alikuwa jikoni.

Dada aliinuka akaketi chini, miguuni pake. Hapo mwanangu mdogo, ambaye tulidhani amelala, akanyoosha mkono. Mbali sana majini palikuwa na nukta ya mwanga. Kisha nyingine kushoto kwake. Si za manjano kama karabai za Baba. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, na mwanga wake ni mweupe, mkali. Zilijitokeza moja moja, zikisukwasukwa na mawimbi, zikizama kidogo na kurudi. Hakuna aliyesema kitu. Mama alisimama. Akashuka mteremko kwa mwendo wake wa pole, leso ikiburuta, akafika pale maji yanapolamba changarawe, akavua viatu akaviweka pamoja vizuri kama mlangoni mwa mtu, akasimama vidole vikiwa majini.

Mdogo wetu alianza kuhesabu kwa sauti ya darasani, watoto wakamfuata. Zilikuwa kumi na moja.

"Hesabu tena," Mama akasema bila kugeuka.

Wakahesabu tena. Nyuma ya vilima vya Gembe, mbali kule bara, mbingu ilikuwa imeanza kupauka.

"Kumi na mbili, nyanya."

"Tena."